Kwanza picha, hukumu baadaye: kupanga kamera ya mashini yetu ya mahindi

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, depo ya Luano. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotusaidia.



Komite imeniomba niseme juu ya mashini ya kuchagua mahindi, ile yenye kamera, na juu ya maneno yanayozunguka hapa Luano tangu tuanze kuitumia. Nimeyasikia depo, nimeyasikia njiani, nimeyasikia hata msibani. Wenye mashamba wanasema: "Ile mashini inaiba mahindi yetu. Mahindi yangu iko safi, juu ya nini inaikatala?" Bamama wanaouza unga sokoni wanasema kinyume: "Inaacha punje nyeusi zinapita, wateja wananirudishia unga." Mashini ni moja, malalamiko ni mawili na yanapingana. Wa kwanza wanataka tuilegeze, wa pili wanataka tuikaze.

Mimi nasema hivi: wote wana haki ya kulalamika, lakini kukaza na kulegeza siyo dawa. Tatizo liko kwenye picha ambayo kamera inapata. Tukitengeneza picha, malalamiko yote mawili yatapungua kwa pamoja. Tusipoitengeneza, kila tukifurahisha upande mmoja tutaumiza upande mwingine.

Najua kinachowauma. Wengi wenu mlirudi kutoka Zambia kuanzia mwaka 2007, kutoka kambi za Kala na Mwange, mkaanza upya na jembe na blanketi. Gunia moja la mahindi ni minervali ya mtoto, ni zamu yako ya likelemba, ni dawa ya mgonjwa. Mtu akiona punje zake nzuri ndani ya ndoo ya takataka, hasira yake ina sababu. Kwa hiyo nitaeleza polepole, na asiyeelewa aninyoshee mkono.

Mashini inafanya nini

Punje zinashuka kwenye mteremko, kisha zinaanguka hewani mbele ya kamera, moja upande wa mbele na moja upande wa nyuma. Kamera hizi hazipigi picha nzima kama simu. Zinachukua mstari mwembamba mmoja, halafu mwingine, maelfu kwa sekunde, na mashini inaunganisha mistari hiyo kuwa sura ya punje. Ikiona doa, inaamuru mdomo wa hewa upulize, na punje inarukia ndoo ya pili. Tuchukue kwamba punje inaanguka kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, na kutoka kamera hadi mdomo wa hewa ni sentimita 12. Basi mashini ina sehemu 4 tu za mia za sekunde kuona, kuamua na kupuliza.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kamera haijui mahindi. Haijui bukari, haijui njaa, haijui shamba ni la nani. Inajua namba. Kila nukta ya picha inapewa namba ya mwanga, kuanzia 0 kwa weusi mtupu hadi 255 kwa weupe wa mwisho. Punje mbaya, kwake yeye, ni nukta zilizoshuka chini ya kizingiti tulichoweka sisi.

Kwa hiyo kuna vipimo vya namna mbili. Vya kwanza vinatengeneza picha: taa, muda wa kuchukua picha, gaini, weupe, lenzi. Vya pili vinatoa hukumu: kizingiti kiwe wapi, doa liwe kubwa kiasi gani ndipo punje ikataliwe. Kitufe cha ukali kiko mbele kabisa kwenye skrini, ndiyo maana kila mtu anakikimbilia. Sasa tuone kinachotokea. Tuseme picha ni ya giza: punje nzuri inaonekana 120 na doa la kuoza 100. Nafasi kati yao ni 20 tu. Vumbi kidogo, kivuli kidogo, nzuri inashuka na mbaya inapanda, zinachanganyika. Weka kizingiti popote unapotaka, utakosea upande mmoja. Lakini picha ikiwa safi, punje nzuri inakaa kwenye 200 na doa liko 90. Hapo hata mtoto anaweza kuweka kizingiti.

Picha inatengenezwa namna gani

Tuanze na mwanga, maana ndio unaobeba kazi yote. Jua linaloingia kwa mlango wa depo asubuhi siyo jua la saa sita. Balbu iliyo juu ya mashini nayo inaleta shida: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kawaida zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho letu halioni, kamera inaona. Mstari mmoja unatoka mweupe, unaofuata unatoka wa kijivu. Kwa hiyo kifuniko kifungwe, pazia liwekwe, kamera iangaziwe na taa zake peke yake. Na taa hizo zipige kutoka pande mbili, kwa mshazari. Taa moja ikipiga usoni, ngozi ya punje inang'aa, pale panapong'aa panafika 255, na kikifika 255 hakuna tena habari ndani yake. Doa lililokuwa hapo limefutika.

Pili, muda wa kuchukua picha. Punje inaanguka mita 3 kwa sekunde. Kamera ikifungua kwa sehemu 1 ya elfu ya sekunde, punje imeshateleza milimita 3 wakati picha inachukuliwa. Tundu la fukusi ni dogo kuliko hapo, basi linapakwa juu ya weupe na kupotea. Tukifupisha hadi sehemu 1 ya elfu kumi, punje inateleza milimita 0.3 tu, na tundu linaonekana. Lakini ukifupisha muda, mwanga unaoingia unapungua, picha inakuwa nyeusi.

Hapo ndipo watu wanakimbilia gaini, kipimo cha tatu. Gaini ni kama kuongeza sauti ya redio ambayo haishiki kituo vizuri: muziki unapanda, na makelele yanapanda pamoja nao. Picha inakuwa na chembechembe, na kila chembe nyeusi inafanana na doa. Punje nzuri zinaanza kukataliwa bila sababu. Kanuni yake ni rahisi: ukikosa mwanga, ongeza taa au safisha vioo. Gaini iguswe mwisho, na kwa kiasi kidogo.

Nne, weupe. Kamera ya rangi inapima nyekundu, kijani na buluu. Lazima ionyeshwe kitu cheupe kweli ili ijue nyeupe ni nini, na kwa kazi hiyo mashini ina kibao cheupe. Sasa angalieni vumbi letu jekundu wakati wa kiangazi. Likikaa juu ya kibao, kamera inafundishwa kwamba wekundu ndio weupe, na kuanzia hapo inapima kila kitu vibaya. Kibao kifutwe kwa kitambaa safi kila mara kabla ya kupima weupe. Na taa ziwe zimewaka nusu saa kwanza, kwa sababu mwanga wake haukai sawa mpaka zipate joto.

Tano, lenzi na kioo kilicho mbele yake. Unga wa mahindi unaganda kwenye kioo na kufanya ukungu. Ukungu haukati picha, unailainisha tu, ndiyo maana hatuutambui haraka. Mwanzo wa siku mashini inafanya kazi vizuri, jioni inapitisha nyeusi, na tunasema mashini imechoka.

Sita, kibao cha nyuma, kile kinachoonekana kati ya punje na punje. Watu wengi wanafikiri kiwe cheusi ili mahindi meupe yaonekane. Kwa kazi yetu ni kinyume. Kiangazwe mpaka kilingane na punje nzuri, hata kamera isitofautishe punje nzuri na nyuma yake. Hapo kitu pekee kinachojitokeza ni kibaya. Kikiwa cheusi, kila pembe ya punje na kila nafasi kati ya punje mbili itahesabiwa kuwa doa.

Picha ikiwa tayari, sasa tuhukumu

Chukua punje moja mkononi. Pale iliposhikamana na kigunzi kuna alama nyeusi au ya kahawia. Ile siyo ugonjwa, inaonyesha kwamba hindi lilikomaa. Lakini kamera inaona weusi. Ukiiambia ikatae kila doa hata likiwa na nukta mbili, itakataa mahindi yaliyokomaa vizuri kabisa. Sehemu kubwa ya punje nzuri tulizozikuta kwenye ndoo ya pili ni hizo: nyeupe, nzima, zilizogeuza kitako chao kwa kamera. Kwa hiyo ukubwa wa doa upimwe: uwe mkubwa kuliko kitako cha punje, na mdogo kuliko kuoza kunakotusumbua.

Punje nyingine nzuri zinapotea kwa sababu isiyohusu kamera. Tukimwaga mahindi kwa wingi, punje zinaanguka zikiwa zimeshikana, na hewa ikipuliza mbaya inabeba na jirani zake. Ndugu mwenye haraka anayesema "mwaga yote, lori linangoja" ndiye anayepoteza mahindi yake.

Kuna pia jambo la rangi. Zambia ilitoa mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa mwaka 2012, yenye vitamini A, yanayosaidia watoto wasiharibike macho. Wengine wenu mnayajua. Ukiyapitisha kwenye mpango wa mahindi meupe, mashini itayatupa yote, maana yanashuka kwenye buluu. Chakula bora kitaitwa takataka. Mpango uliokuja na mashini kutoka kiwandani haujawahi kuona mahindi ya Luano, meupe wala ya machungwa. Sisi ndio wa kuufundisha: kila rangi na mpango wake.

Kisichoonekana

Hapa naomba mnisikilize sana, hasa wazazi. Mwaka 2004, Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haina rangi ambayo kamera yetu inaweza kuisoma, na kupika hakuiondoi. Kutoa punje zilizooza, zilizotobolewa na zilizovunjika kunapunguza hatari, maana sumu inajaa zaidi humo. Lakini punje inaweza kuwa na sura nzuri na bado ikawa na sumu. Kipimo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo imeingia mwaka 2022, kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Unyevu unapimwa kwa kifaa chake, sumu inapimwa kwa kipimo chake. Tusimwambie mteja yeyote kwamba mahindi "yamepimwa sumu" kwa sababu yamepita kwenye kamera. Huo utakuwa uongo, na uongo wa chakula unaua. Kukausha vizuri, kuanika juu ya turubai na siyo chini kwenye udongo, hiyo bado ni kazi ya mikono yetu.

Jaribio tunaloweza kufanya wenyewe

Huhitaji kuwa fundi ili kujua kama mashini imepangwa vizuri. Bamama wanaochagua kwa mikono wachague kilo 10 safi kabisa. Kisha wahesabu punje 100 mbaya: zilizooza, zilizotobolewa, nyeusi. Tuzichanganye, tupitishe, halafu tuhesabu mambo mawili. Ni mbaya ngapi zilizopita? Ni nzuri ngapi zilizotupwa? Turudie mara tatu kwa mahindi yaleyale. Kama majibu yanarukaruka, picha haijatulia: turudi kwenye taa, vumbi na vioo, tusiguse ukali. Kama majibu yanafanana kila mara, hapo ndipo tuamue kukaza au kulegeza, na tuamue pamoja, tukijua bei ya kila upande.

Mmesikia nimesema bamama. Wengine wao wana hofu kwamba mashini itawatoa kazini. Mimi naona bila wao mashini haina mwalimu. Nani mwingine atasema ipi ni punje mbaya? Jicho lao ndilo kipimo, na kazi hiyo ilipwe kama kazi nyingine.

Ninachopendekeza kwa mkutano huu

Moja. Vipimo vyote vya picha viandikwe kwenye daftari na kwenye bango la ukutani: muda, gaini, nguvu ya taa, kizingiti, ukubwa wa doa, kwa mahindi meupe na ya machungwa. Anayebadilisha aandike tarehe, sababu na jina lake, na wawe wawili, mmoja wa komite na mmoja wa wenye mahindi.

Mbili. Tuweke sanduku la punje za mfano, nzuri na mbaya, mahali pakavu, na tulibadilishe kila msimu. Kila asubuhi, na kila baada ya delestaji, taa zipate joto, vioo vifutwe, sanduku lipitishwe kwanza. Umeme ukirudi, tusianze na gunia la mtu.

Tatu. Ndoo ya pili ni mali ya mwenye gunia. Aione, aichague tena akitaka, aichukue nyumbani kama ni haki yake. Mkifanya hivyo, neno "inaiba" litaisha lenyewe.

Nne, na hili nawaelekezea marafiki wanaotusaidia. Mmeuliza kama tunataka mashini ya pili. Kwa maoni yangu, bado. Mashini ya pili yenye picha mbaya itatupa makosa mara mbili kwa haraka mara mbili. Tunahitaji kwanza vitu vidogo: kifaa cha kutuliza umeme, kifaa cha kupima unyevu, kichujio cha maji kwenye kompresa, maana hewa yenye maji inagandisha unga kwenye valvu, na turubai za kuanikia. Na katika ripoti zetu msituulize tani tu. Tuulizeni zile namba mbili: mbaya zilizopita, nzuri zilizotupwa. Tani zinaweza kupanda huku mtu mmoja mmoja akipoteza. Namba hizo mbili haziwezi kuficha.

Maswali yaliyoulizwa

Baba mmoja aliuliza: "Na yule ambaye mahindi yake iko mabaya kweli, tutamuficha?" Nilimjibu kwamba hapana. Tukiisha kutengeneza picha, mashini ikikataa robo ya gunia, tatizo liko shambani au ghalani, na afadhali alijue mapema. Komite itume mtu aone anavyokausha na anavyohifadhi, kabla ya msimu unaofuata.

Mama mmoja aliuliza ni nani atakayefundishwa kupanga kamera, kwa sababu leo kijana mmoja tu anajua, na kesho akienda kutafuta kazi Kolwezi tutabaki na chuma. Nilijibu: watu wanne, wawili wawe wanawake, na wafundishwe hapa hapa, kwa mahindi yetu. Mkutano ulipiga kura kwa mikono, na mapendekezo manne yakakubaliwa. Mafunzo yataanza wiki ijayo, depo, saa mbili asubuhi. Kila anayetaka kujifunza aje na kilo moja ya mahindi ya shamba lake, safi na chafu pamoja, yasiyochaguliwa.